Liz Parker na kijana wa sayari nyingine: kwanini bado naipenda Roswell

Watu wakisikia hadithi ya mapenzi ya binti wa duniani na kijana wa sayari nyingine wanawaza vyombo vya anga na vita, mi nasema hapana jamani, hadithi ya aina hii inabebwa na binti, na kama binti ni wa kuokolewa tu na kulia basi hata mje na sayari kumi haitanikaa moyoni. Tamthilia iliyonifanya niamini hivyo ni Roswell, ile ya Marekani iliyoanza Oktoba 1999, imetokana na vitabu vya Melinda Metz, ya kina Liz Parker na Max Evans.

Mji wenyewe wa Roswell upo kweli, New Mexico huko Marekani. Mwaka 1947 mwezi wa saba jeshi lilitangaza limepata kisahani cha angani, vile vyombo watu wanavyodhani ni vya viumbe wa sayari nyingine, kwenye ranchi ya karibu, halafu haraka haraka wakageuza maneno wakasema ni puto la hali ya hewa, sasa ukishageuza maneno hivyo nani atakuamini tena? Watalii wanaenda mpaka leo.

Kwenye tamthilia Liz anahudumia wateja kwenye mgahawa wa wazazi wake uliopambwa kwa viumbe wa anga kila kona, na watalii wanakuja kutafuta maajabu wakati kiumbe mwenyewe wa kweli ni yule kijana mpole anayekaa naye meza moja darasani kwenye biolojia. Siku hiyo wateja wawili wanagombana, bastola inafyatuka, Liz anapigwa risasi ya tumbo. Max anamkimbilia anamwekea mkono jeraha linafunga, kisha anapasua chupa ya tomato anammwagia ili watu wadhani damu ile ni tomato, anamwomba asimwambie mtu yeyote.

Hapo waandishi wengi wangemfanya binti azimie kwa mapenzi, ila Liz yeye anapenda sayansi kwahiyo anachukua penseli ambayo Max huwa anaitafuna, anaangalia seli za mate yake kwenye hadubini, anaona hazifanani na za binadamu hata kidogo, ndo anamfuata kumuuliza. Napenda sana hapo!! Binti anataka kujua kwanza, moyo utafuata.

Sisi huku tumekua na habari za jini mahaba, anampenda binti, anamwingia, anamzuia asiolewe na mtu mwingine, na hakuna hata siku moja binti aliulizwa kama anataka. Max ana uwezo wa kutisha vilevile lakini mambo yamegeuka, yeye ndo yuko mikononi mwa Liz, neno moja tu likifika kwa sherifu anayemshuku, basi yeye na dada yake Isabel na rafiki yao Michael, nao wa sayari hiyo hiyo, wamekwisha wote watatu. Kila siku Liz anapoamua kukaa kimya ni yeye anayechagua, na kwangu mimi mapenzi yao yako hapo kwenye huo uchaguzi kuliko kwenye mabusu, japo mabusu nayo yapo ya kutosha na waigizaji wao Shiri Appleby na Jason Behr walijua kutazamana.

Halafu anakuja Tess, msichana wa sayari ya kina Max, na inajulikana kuwa Max kwao alikuwa mfalme na Tess ndo mke wake. Wengi walimchukia, mi naona alihitajika, maana bila Tess usingejua Liz anapenda kiasi gani. Kwenye sizoni ya pili Max wa miaka ya mbele anarudi nyuma kumwomba Liz amfanye Max wa sasa amwache, kwasababu wakiendelea kuwa pamoja Tess ataondoka na dunia itaangamia, na Liz anakubali, anajifanya amelala na Kyle, mpenzi wake wa zamani, ili Max aone kwa macho yake aumie aondoke. Hakuna wa kumsimulia. Anabeba peke yake, binti wa sekondari!

Mashabiki walipohofia itakatwa baada ya sizoni ya kwanza walituma chupa za Tabasco, ile sosi ya pilipili, kwa wingi kwenye stesheni ya TV, maana hawa viumbe wanapenda pilipili na sukari pamoja, na ikarudi kweli. Sizoni ya tatu ilihamia stesheni nyingine, kwangu ilipoa, mambo mengi mno yalirundikwa, ila ikaisha 2002 Liz na Max wakiwa wameoana, nalishukuru hilo.

Kuna toleo jipya la 2019 ambapo wameshakuwa watu wazima, zuri kwa namna yake, ila mapenzi ya umri wa shule yako kwenye lile la zamani. Kama una usiku mmoja tu angalia episodi ya kwanza, kisha ruka mpaka ya tano ya sizoni ya pili, ndo hiyo ya Max wa miaka ya mbele, halafu njoo tuongee.