Jioni Tulipokatiza Rozari

Oktoba ni mwezi wa rozari, na jumuiya yetu ndogondogo huku Eastlands, Nairobi, huzunguka nyumba kwa nyumba kila jioni. Mwaka 2018, tukiwa kwenye fumbo la tatu, mtoto wa jirani alisukuma mlango akasema fundi viatu wa stejini amebebwa na polisi. Sote tulimjua. Ni kijana mpole, kiziwi tangu utotoni, na wengi wetu tulikuwa tumevaa viatu vilivyopitia mikononi mwake.

Mmoja wetu alipendekeza tumwombee katika fumbo la nne. Mwenyekiti wetu, nesi mstaafu, alitia rozari mfukoni akajifunga leso. "Salamu Maria zilizobaki tutazimalizia njiani," alisema. "Shikeni vitambulisho."

Tukitembea, aliniuliza kwa nini Mithali 31 husomwa harusini kuanzia pale kwa mke mwema, ilhali kabla ya hapo mama yake mfalme Lemueli anamwagiza mwanawe afumbue kinywa kwa ajili ya aliye bubu na awapatie maskini haki yao. Sikumjibu wakati ule. Leo ningemwambia kwamba agizo hilo tunaliruka kwa sababu linamtoa mtu nyumbani kwake usiku.

Afisa wa kaunta alitueleza kwamba kijana amekataa kutaja jina, tena alikaidi amri ya kusimama, na asubuhi atapelekwa kortini.

"Afande, huyo hasikii," mwenyekiti akasema.

"Mama, hawa wanajua kujifanya. Akitaka kusema atasema."

Nilichungulia nyuma ya kaunta. Alikuwa ameketi sakafuni, mikono imefungwa pingu mgongoni. Mikono hiyo ndiyo anayosema nayo! Walikuwa wamemziba mdomo, kisha wakamhesabia kosa la kunyamaza.

Mimi ni mwalimu, na Katiba ninayo kwenye simu. Sauti ilinitetemeka, lakini nilimsomea afisa Kifungu cha 49: anayekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake na haki yake ya kunyamaza.

"Na huyu anaelewa lugha gani?"

Nikamwambia Lugha ya Ishara ya Kenya. Kifungu cha 120 kinaitaja pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge, kwa hiyo hapa kituoni haiwezi kuwa kujifanya. Hakunijibu, ila alichukua simu akampigia mkubwa wake.

Sisi nasi tulimpigia dada anayetafsiri misa kwa ishara parokiani. Alifika kwa bodaboda, kofia ya dereva ikiwa bado kichwani. OCS, yaani mkuu wa kituo, alipoingia, dada huyo alimwomba jambo moja tu: pingu zifunguliwe.

Kijana alisugua viganja, akavinyoosha vidole, akaanza kusema. Alisema wee! Walimwita kutoka nyuma naye akaendelea kukusanya vifaa vyake. Akapigwa kofi sikioni. Akabebwa, na sanduku lake la nyundo, sindano na gundi likaachwa barabarani. Aliuliza mara kadhaa kuhusu sanduku hilo. (Halikupatikana. Jumuiya ilichanga tukamnunulia vifaa soko la Gikomba, na hilo ndilo lililokuwa jepesi, kuchanga tumezoea.)

OCS aliamuru aachiliwe bila mashtaka. Tukashukuru, tukaanza kuelekea mlangoni, maana kila mtu alikuwa na kazi kesho yake. Kijana hakutoka. Alimwambia mkalimani kwamba anataka lile kofi liandikwe katika OB, kitabu cha matukio cha kituo, jinsi yeye mwenyewe alivyolieleza, na apewe nambari.

Afisa wa kaunta alitutazama sisi wakubwa, akingoja tumtulize. Nami nakiri nilitamani sana mambo yaishie pale, kwa amani. Mwenyekiti akavuta benchi akaketi. "Afande, andika," alisema. "Sisi tutangoja."

Iliandikwa, polepole, sentensi kwa sentensi. Mara mbili kijana alimkatiza mkalimani, akamtaka amwambie afisa arekebishe. Wiki iliyofuata aliipeleka nambari hiyo ya OB kwa IPOA, mamlaka inayopokea malalamiko dhidi ya polisi. Alikwenda na mkalimani. Sisi hakutuhitaji tena.