Nyumba ya Somo Yangu

Skuli zilikuwa zimefungwa, babu akaamua kunipeleka Dunga, katikati ya kisiwa cha Unguja, nikaione nyumba ya somo yangu, mtu wa zamani tuliyefanana jina. Naitwa Mwinyi, jina lililonitesa sana utotoni: "Mwinyi gani wewe, na kandambili zimekukatikia?"

Mlangoni msimamizi akataka kiingilio. Babu akaisogeza kofia nyuma.

"Huyu ndiye Mwinyi. Mwenye nyumba naye alipe?"

Yule bwana akacheka. "Alipe, mzee wangu. Mwinyi Mkuu mwenyewe alikuwa akipeleka kodi kwa Sayyid, Sultani wa Unguja."

Babu alilipa, ila alinuna mpaka tulipofika kisimani. Hapo ndipo akanieleza kwamba mwinyi ni mwenye: mwenye mji, mwenye ardhi. Wa Dunga, Mwinyi Mkuu, ndiye aliyekuwa mkubwa wao, juu ya masheha wa vijiji vya Wahadimu, wenyeji wa Unguja, na cheo kilirithiwa ndani ya ukoo pamoja na ngoma na siwa, lile baragumu la enzi. Sayyid Said alipohamia Unguja kutoka Maskati hakukifuta, maana kilimfaa. Mwinyi Mkuu akawa wa kumkusanyia Sayyid kodi kwa watu wake, na mwenyewe akabakiwa na fungu lake. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed alianza kulijenga jumba hili mwaka 1846, akalimaliza 1856, na kwa miaka hiyo amri kubwa zilikuwa zikitoka mjini. Mimi nadhani mtu hujenga kuta nene namna ile anapohisi anasahauliwa.

Babu akapitisha kidole kwenye chokaa iliyobanduka, baina ya mawe.

"Wazee husema humu ilichanganywa damu ya watumwa."

"Watumwa wa nani, babu?"

"Wa nani tena? Wa somo yako."

Sikuuliza zaidi. Jina nililodhani ni la kujivunia tu likaniwia zito.

Muhammad alifariki 1865. Mwanawe Ahmed akarithi, naye ndui ikamchukua 1873 bila kuacha mtoto wa kiume, na cheo kikaishia hapo. Sheha tunaye mpaka leo, lakini siku hizi huteuliwa na serikali. Babu alikuwa na ugomvi na sheha wetu, wa mpaka wa shamba la minazi, na nilipomtaja tu, habari za wafalme zikaisha. Ndani ya gari ya shamba, njia nzima, nilisikia habari za ile minazi tu.