Kwa nini ya maji na kwa nini ya watu

Mwanafunzi mmoja aliniuliza swali fupi: kwa nini latitudo 0 iko kwenye Ikweta, na longitudo 0 iko Greenwich, London? Aliyaweka mambo hayo mawili katika sentensi moja kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja, na nusura nami nimjibu kwa sentensi moja. Nilipolitafakari swali lenyewe nikaona kwamba yalikuwa maswali mawili, moja la sayansi na jingine la maarifa ya jamii, yote yakiwa yamevaa “kwa nini” ileile.

Ikweta haikuchaguliwa na mtu. Dunia hujizungusha kwenye mhimili wake, mhimili huo una ncha mbili, na mstari ulio katikati ya ncha hizo upo tu, hata kama hakuna wa kuuchora. Longitudo haina katikati ya namna hiyo. Mstari wowote unaotoka ncha ya kaskazini hadi ncha ya kusini unafaa kuwa mwanzo wa hesabu kama wenzake, na kwa muda mrefu mataifa yalianzia yalipopenda, Wafaransa wakianzia Paris. Mnamo Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington wakapiga kura, na nchi 22 zikaafiki Greenwich, hasa kwa kuwa sehemu kubwa ya meli za biashara zilikwisha kuzoea ramani za baharini zilizoanzia hapo. Ufaransa na Brazili hazikuegemea upande wowote, na Ufaransa iliendelea kutumia saa ya Paris hadi 1911. Nusu ya kwanza ya swali, basi, inajibiwa na umbo la dunia, na nusu ya pili inajibiwa na kura.

Nimekuwa nikijibu maswali ya wanafunzi kwa miaka kadhaa, na siku hizi kabla sijafungua kitabu chochote hujiuliza kwanza: hii ni kwa nini ya namna gani? Maji hayakai kikao kabla ya kuchemka. Yakifika nyuzi 100 za Selsiasi kwenye usawa wa bahari yanachemka, awe anayatazama mfalme au mtoto. Vita havianzi hivyo. Ninapotakiwa kutaja sababu tano za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (swali ambalo hunifikia likiwa na idadi yake tayari, utadhani sababu ya sita ingemwangusha mtu mtihani), huandika zile zinazotarajiwa, yaani miungano ya kijeshi, mashindano ya silaha, uzalendo uliokithiri na mengineyo, kisha humwomba mwanafunzi azitazame tarehe mbili. Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, aliuawa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Austria-Hungaria ilitangaza vita dhidi ya Serbia tarehe 28 Julai. Katikati kuna mwezi mzima, na ndani ya mwezi huo watu wenye majina na vyeo walisoma barua, wakaandikiana masharti, wakaamua, nao wangeweza kuamua vinginevyo. Miungano ile ilikuwapo miaka mingi bila vita hivyo kuzuka. Iliwatengenezea njia, lakini hatua walipiga wenyewe.

Katika sayansi nimewahi kukosea kwa namna nyingine, nayo bado hunitia haya kidogo. Kuna jaribio ambalo wanafunzi wengi hukutana nalo: mshumaa unasimamishwa kwenye sahani yenye maji, unawashwa, halafu unafunikwa kwa glasi. Muda si muda mwali unafifia na kuzima, na maji yanapanda ndani ya glasi. Nilipoulizwa sababu, nilijibu kama nilivyofundishwa mimi mwenyewe, kwamba mshumaa umeimaliza oksijeni, kwamba oksijeni ni takriban asilimia 21 ya hewa, na kwamba maji yamepanda kuziba pengo hilo la sehemu ya tano. Lilikuwa jibu nadhifu, na hesabu yake ilikubali.

Siku mbili baadaye muulizaji akarudi. Alikuwa amelifanya jaribio kwa mikono yake na kuona mambo mawili ambayo jibu langu halikuyapa nafasi. Wakati mshumaa unawaka, maji yalisogea kidogo sana. Ni pale mwali ulipozima ndipo yalipopanda kwa kasi. Tena, alipotumia mishumaa mitatu badala ya mmoja, glasi ikiwa ileile, maji yalipanda juu zaidi. Akaniuliza kwa adabu: hiyo mishumaa mitatu iliipata wapi oksijeni ya ziada?

Nikatafuta sahani, glasi na mshumaa, nikainama mpaka macho yangu yakawa sawa na meza. Glasi ilipogusa maji, viputo viwili vitatu vilitoka chini ya ukingo wake, vikapasuka kimya kimya. Nilikuwa nimeliona jaribio hilo mara nyingi na sikuwahi kuvizingatia. Mwali huipasha hewa joto, hewa inatanuka, na sehemu yake inatoroka kwa njia ya viputo hivyo. Mwali ukizima, hewa iliyobaki inapoa na kusinyaa, shinikizo ndani ya glasi linapungua, na shinikizo la hewa ya nje linayasukuma maji yaingie. Mishumaa mitatu huleta joto zaidi, kwa hiyo hewa nyingi zaidi hutoroka. Oksijeni hutumika, ni kweli, lakini nafasi yake kwa kiasi kikubwa hushikwa na kabonidioksaidi, tena mshumaa huzima ukiwa umeacha oksijeni nyingi, karibu asilimia 16 ya hewa iliyomo. Nilimwandikia kwamba jibu langu la kwanza lilikuwa na kosa, na kwamba aliyenisahihisha ni yeye.

Kwa nini ya sayansi ina huruma hiyo: unaweza kuirudisha mezani na kuiangalia tena. Mwezi wa Julai 1914 haurudi mezani.

Yapo maswali mengi ya mstari mmoja, kama yale ya popo (ni mamalia, kwa maana hunyonyesha), na haya sina la kuyaongezea. Swali nilipendalo hutoka aghalabu kwa wanafunzi wadogo, na wakubwa huliona la kitoto: kwa nini serikali isichapishe noti nyingi ikamgawia kila mtu? Ndani yake zimo kwa nini zote mbili. Noti zikiongezeka ilhali bidhaa ni zilezile, bei hupanda, na hapo mambo huenda karibu kama maji yanavyochemka. Mwaka 1914, kabla ya vita, dola 1 ya Marekani ilibadilishwa kwa mark 4.2 za Ujerumani. Novemba 1923 ilibadilishwa kwa mark trilioni 4.2. Mwanafunzi akiambiwa aziandike sifuri hizo kwa mkono, huacha kucheka kabla hajazimaliza. Lakini ukimuuliza kwa nini serikali ile ilichapisha noti ilhali mfumuko wa bei ulikuwa unaonekana waziwazi, unarudi kwa watu: madeni ya vita, fidia iliyodaiwa na washindi, majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji kuingia Ruhr, eneo la viwanda la Ujerumani, Januari 1923, na uamuzi wa kuwalipa wafanyakazi wa huko waliogoma kufanya kazi chini ya majeshi hayo. Mtambo wa kuchapa ulikuwa njia nyepesi kuliko kuwatoza wananchi kodi.

Yule wa longitudo naye alirudi. Alitaka kujua kama mstari uliowekwa kwa kura unaweza kuhamishwa. Umekwisha kuhamishwa. Mtu akisimama leo juu ya mstari ule maarufu wa Greenwich akiwa na simu yenye GPS, simu hiyo haitamwonyesha longitudo 0 mpaka atembee mita 102 hivi kuelekea mashariki. Darubini iliyouweka mstari wa zamani ilisawazishwa kwa beseni la zebaki, na zebaki hutulia kwa kufuata nguvu ya uvutano ya mahali ilipo, ambayo pale Greenwich haielekei sawasawa kwenye kitovu cha dunia. Mfumo wa setilaiti huhesabu kutoka kwenye kitovu hicho, na watu wakakubaliana kuufuata. Nilimwandikia kwamba jibu kamili ni refu, nikamuuliza angependa nianze na zebaki au na makubaliano.

Akajibu kwa neno moja: zebaki.