Nilivyofundisha maadili kwa karatasi zilizomwagika

Nilipokabidhiwa somo la maadili na ustawi wa wanafunzi wa chuo, mkongwe mmoja wa idara akanishauri: wape orodha ya tunu, wazikariri, kisha watungie mtihani. Sikutaka aseme nimempuuza, nikafanya hivyo. Walifaulu wote. Kwenye swali la uaminifu, majibu mawili yalifanana neno kwa neno, mpaka kosa la tahajia: "uamnifu".

Ushauri huo nikauweka kabatini, nikachukua utafiti wa wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson wa mwaka 1973, pale Princeton, Marekani. Wanafunzi wa theolojia walitumwa jengo jingine kutoa mada, baadhi yao wakizungumzia Msamaria Mwema, yule wa Biblia aliyesimama kumsaidia majeruhi njiani. Njiani waliwekewa mtu aliyejikunyata, anakohoa. Kati ya walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu ndio waliotoa msaada. Kati ya waliokuwa na nafasi, asilimia 63.

Nami nikatega mtego wangu. Niliandika kwenye kundi la darasa kwamba tumehamia ghorofa ya juu na atakayechelewa atakatwa alama. Kwenye ngazi nikamweka rafiki yangu wa maktaba (aliniuliza kwanza kama niko timamu) amwage rundo la karatasi chakavu. Weee! Waliziruka kama madimbwi. Mmoja alisema "pole dada" bila kupunguza mwendo. Mwingine aliacha alama ya kiatu katikati ya karatasi. Walioinama hawakujaza kiganja.

Nikawafichulia palepale, kabla umbea haujanitangulia, na sikumtaja aliyepita wala aliyesaidia. Wakachachamaa: "Mwalimu, si ulituharakisha wewe!" Hapo ndipo nilipotaka tufike. Mjadala wa wema ukageuka wa ratiba, simu za usiku wa manane na usingizi, kwamba mtu mzima anahitaji angalau saa 7 naye analala 4 halafu anashangaa kumfokea mwenzake wa chumbani. Ustawi uliingia bila kuutangaza.

Gharama ni soda ya rafiki yangu. Ila jiandae: watakaokufuata baadaye na mambo mazito wapeleke kwa mshauri nasaha, usijifanye daktari.

Na mtego ubadilishe kila mwaka. Kundi lililofuata lilishasikia. Walimvamia mhasibu wa watu aliyeangusha faili kwa bahati mbaya, wakamwokotea hadi risiti alizokuwa amezitupa.