Wazee wanne na kiatu cha babu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Niko barazani na kahawa chungu na kashata, sikio moja lina waya, la pili linamsikiliza mama akivutana na muuza samaki. Usiku saa tatu nina kipindi cha redio cha bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, saa nzima, na nimechagua albamu ya *Get on Board* ya wanamuziki wa Marekani Taj Mahal na Ry Cooder, iliyotoka mwaka 2022. Taj alikuwa na miaka 79, Ry 75. Nyimbo ni 11, zote wamezichota kwa wazee wao: Sonny Terry, kipofu mpuliza kinanda cha mdomo, na Brownie McGhee, mpiga gitaa aliyeugua polio utotoni. Hata jalada wamelifananisha na la santuri ya wazee hao ya mwaka 1952.

Saa mbili nimeshafika kazini, Mji Mkongwe. Kompyuta imemeza sauti zote nilizokata juzi. Fundi mitambo ananipa pole kama mtu aliyekwisha kuigawa pole hiyo mara nyingi wiki hii. Naanza upya.

Kukata si tabu, tabu ni kueleza. Tangu saa nne mpaka saa saba nahangaika na wimbo mmoja tu, wa kuchuma pamba. Mwimbaji anajigamba atachuma robota zima kwa siku moja, na robota la Marekani linapita kilo 200. Nikisema hivyo redioni itakuwa hesabu kavu. Namkumbuka bibi yangu wa Pemba, aliyekuwa akilipwa kwa pishi za karafuu, na vijana waliorudi jioni wakitaja pishi ambazo mkekani hazikuonekana. Naandika: "Huyu anadai kamaliza mikarafuu ya konde zima kabla ya adhuhuri." Hapo msikilizaji wa Wete atacheka, kisha atakumbuka konde lenyewe lilikuwa la nani.

Saa nane, urojo, nimesimama.

Saa kumi nakwenda kwa mgeni wangu wa leo, mzee mpiga fidla wa taarabu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Ndiye yule aliyepiga na Culture?"

Ndiye. Taj Mahal na Culture Musical Club, kundi la taarabu la hapa Zanzibar, walitoa albamu ya *Mkutano* mwaka 2005. Kwanza namwekea Sonny Terry mwenyewe: anapuliza, anapiga ukelele, anapuliza tena, hata hujui kinanda kimeishia wapi na koo limeanzia wapi. Halafu namwekea Taj. Babu anafumba macho, mguu unatikisika.

"Huyu wa pili mzito zaidi," anasema. "Lakini kampisha mwalimu wake."

Namsimulia kuwa Terry na McGhee walipiga pamoja zaidi ya miaka 30, na mwishoni wakawa wanapanda jukwaani bila kusemezana. Mguu unasimama. Mtaa mzima unajua kuwa yeye na mwenzake mpiga kanuni hawaamkiani, sababu hakuna anayeitaja.

"Na hawa wa sasa, waligombana?"

"Sijasikia, babu. Bendi yao, Rising Sons, ilivunjika miaka ya 1960. Walichorekodi kikaja kutoka 1992, na hii ndiyo albamu yao nzima ya kwanza pamoja tangu wakati huo."

"Hee," anasema, na kutafuta kofia yake.

Saa tatu tuko hewani. Nawaeleza wasikilizaji kuwa walirekodi sebuleni kwa Joachim, mtoto wa Ry, ambaye pia ndiye aliyepiga ngoma na besi, na ndiyo maana muziki unasikika kama watu waliokaa karibu wakitazamana. Kwangu huo ndio utamu wake: kuna ukwaruzo ambao studio nyingi zingeufuta. Ninapozungumza, kiatu cha babu kinagonga mguu wa meza, mikrofoni inakidaka. Fundi mitambo ananipungia mkono nyuma ya kioo nimzuie. Najifanya simuoni.

Saa nne na nusu namsindikiza babu. Njia ni ile ile aliyopita miaka yote akienda mazoezini. Kwenye kona dirisha moja la juu lina taa. Babu anapunguza mwendo.

"Huyu naye mpaka saa hizi hajalala," anasema, kisha ananishika mkono tuvuke mtaro.