Usiku wa Dagaa Katonga

Tarehe ya safari hatukuipanga sisi. Mwaka huo wa 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, nami nikampigia shemeji yangu wa Kigoma kumwambia tunakuja ziwa likifunguliwa tu. Akacheka. "Shemeji, mkija wiki hiyo mtanikuta nimelala. Mwezi unaelekea kuwa mpevu. Njooni mwanzoni mwa Septemba, giza likishaingia."

Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haina ujanja mbele ya mbalamwezi. Basi tukangoja giza.

Ya njiani nayaruka. Tulifika Katonga, kusini kidogo ya mji wa Kigoma, mimi, mke wangu, kijana wetu wa kidato cha pili, na jamaa yangu wa kazini aliyebeba fimbo mpya ya kuvulia yenye roda. Mabaharia walipoiona hawakusema kitu, ila walitazamana.

Jioni tukaingia chomboni: mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa magogo, wavu katikati. Baba mkwe, ambaye siku hizi haendi tena ziwani, alisema atatusindikiza kwa ajili ya mjukuu. Sidhani kama ni mjukuu tu. Milima ya Kongo ilififia ng'ambo, taa za vyombo vingine zikawaka moja baada ya nyingine, mpaka ukadhani kuna mji mzima umeibuka majini.

Kisha kungoja. Hapo ndipo mgeni anapochoka, maana hakuna cha kufanya. Mzee alimweleza mjukuu kwamba mwanga huita vijidudu vya majini, dagaa hufuata vijidudu, na migebuka hufuata dagaa. Yeye alipokuwa mdogo zilitumika karabai za mafuta ya taa. Sasa ni taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Na kabla ya hapo, akasema, wazee walikoka moto wa kuni kwenye gubeti la mtumbwi na kuchota dagaa kwa lusenga, wavu wa mpini mrefu. Kijana akauliza kina cha ziwa. Nikajibu mimi: karibu mita 1,470, la pili duniani kwa kina. Mzee akatikisa kichwa. "Huko chini hakuna samaki. Hata hewa hakuna. Chakula chetu chote kiko huku juu."

Jamaa yangu naye, kimya kimya, alikuwa ameshatupa ndoano pembeni ya mwanga. Akanasa mgebuka wa kutosha mlo. Kuanzia hapo mabaharia wakamwita "fundi".

Usiku wa manane nahodha akaamuru taa zizimwe moja moja, ibaki ile ya katikati tu. Dagaa waliokuwa wametawanyika wakajikusanya chini yake, juu kabisa ya wavu. "Vuta!" Tukavuta kamba pande zote, polepole kwanza, kisha kwa nguvu zote, mikono ikiwaka moto, na maji ndani ya wavu yakaanza kuchemka kwa samaki. Kijana wangu, ambaye nyumbani hushindwa kubeba ndoo ya maji, alivuta bila kuambiwa mara mbili.

Alfajiri mwaloni tulimkuta mke wangu na wifi yake wakisubiri na mabeseni, pamoja na wanawake wengine wanaoanika dagaa vichanjani. Nilitegemea atuulize tumelalaje. Akapita moja kwa moja kwa kaka yake, akachota dagaa kiganjani, akawanusa, akauliza bei.

"Dada, hata wewe?"

"Mimi ni mteja hapa."

Walibishana mpaka jua likachomoza. Mgebuka wa fundi ulikuwa umeshaiva, na ugali wa muhogo uko tayari, wao bado wako kwenye beseni la pili.