Gorgias kanichezea

Wiki nzima nimeshinda na Gorgias, yule msemaji wa Leontini kule Sisilia, aliyefika Athens mwaka 427 KK kuuombea mji wake msaada dhidi ya Syracuse. Nasoma, kwa ajili ya tasnifu, hotuba yake ya kumtetea Helen, yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki anayelaumiwa kwa kumwacha mumewe na kwenda Troya na Paris, vita vikazuka. Anasema neno ni mtawala mkubwa mwenye mwili mdogo usioonekana: huondoa hofu, huzidisha huruma, huifanyia roho kile dawa inachoufanyia mwili. Sasa kama Helen alishawishiwa, kosa lake nini? Nikanogewa, nikaandika kurasa nne za kumuunga mkono. Kumbe sijafika mwisho! Sentensi ya mwisho kabisa anasema hotuba hiyo ni sifa kwa Helen, na kwake yeye ni mchezo. Kurasa nne, jamani.